Kalamu nne za kuchorea kwenye kioo: ipi inakufaa wewe?

Ukienda Kariakoo kuulizia kalamu ya kuchorea kwenye tableti, utapewa fimbo nyeupe yenye ncha kama ya penseli iliyotoka kuchongwa, na muuzaji atakuambia, "Hii dada angu inapiga kote, simu, tableti, we chora tu." Hadanganyi. Inapiga kote kweli. Ambacho hamkuulizana ni inapigaje, na wewe unachora nini.

Ya kwanza niliinunua kwa elfu thelathini na tano, na kilichonivuta ni ncha tu. Nilikuwa nachora pindo la kanga kwa kidole kwenye simu, korosho zangu zinatoka kama viazi. Nikasema dawa ni ncha nyembamba. Korosho zikapata umbo, sawa, lakini mikia yake ikawa inatetemeka kama nimechorea ndani ya daladala barabara ya vumbi. Nilichukua muda kuelewa kwamba ncha nyembamba haileti mstari mwembamba. Unene wa mstari unaupanga kwenye programu. Hata kwa kidole unaweza kuchora uzi. Ncha nyembamba inachokupa ni kuona mahali unapogusa. Yaliyobaki yanategemea jinsi kalamu na kioo vinavyoelewana.

Kwa hiyo hapa naziweka kalamu nne kwenye mizani moja. Ya kwanza ni ile ya kawaida isiyo na betri, yenye ncha ya mpira mviringo au yenye kisahani cha plastiki angavu. Ya pili ni ya betri yenye ncha nyembamba, ndiyo hiyo "inayopiga kote". Ya tatu ni kalamu iliyotengenezwa kwa ajili ya kifaa chenyewe: S Pen ya Samsung, Apple Pencil ya iPad. Ya nne si ya kuchorea kwenye kioo moja kwa moja, ila inaingia kwenye hesabu za wengi: ubao wa kuchorea wa Wacom, Huion au XP-Pen, unaochomekwa kwenye kompyuta au simu; unachora juu yake, mchoro unatokea kwenye kioo.

Nitazipima kwa mambo matano: kifaa ulichonacho, mstari unapochorwa polepole, kukandamiza, kiganja, halafu chaji na pesa. Uzito wa kila jambo si sawa. La kwanza linaweza kumaliza mjadala kabla hujafika la pili.

Kifaa ulichonacho

Ya mpira na ya betri hazichagui. Simu yoyote ya tachi inayokubali kidole itazikubali, kwa sababu mbele ya kioo zote mbili ni vidole. Ya mpira inapitisha umeme kidogo wa mwili wako. Ya betri inatoa ishara yake yenyewe inayokidanganya kioo kwamba kuna kidole.

Kalamu ya kifaa inachagua sana, na hapa ndipo watu wanapoteza hela. S Pen inahitaji tabaka maalumu lililolazwa chini ya kioo tangu kiwandani. Tableti ya Galaxy Tab S6 Lite inalo, na kalamu inakuja ndani ya boksi. Galaxy Tab A8 na Tab A9 hazina, ingawa zote zimeandikwa Samsung na kwa macho zinafanana. Ukinunua S Pen ya Tab A8 umenunua kijiti. Kwenye simu, Galaxy Note zote zinakubali tangu ile ya kwanza ya 2011, na Ultra za mfululizo wa S kuanzia S21, ambapo S22 Ultra ndiyo ya kwanza kupata tundu la kuihifadhi kalamu ndani. S Pen iliyotengenezwa kwa simu za kukunja za Fold ni ya Fold tu.

Kwa Apple, kwanza ujue haipo Apple Pencil inayochora kwenye iPhone. Kwenye iPad ya kawaida, kizazi cha 6 cha 2018 hadi cha 9 kinataka Apple Pencil ya kwanza. Cha 10 cha mwaka 2022 kinakubali ya kwanza kwa kupitia adapta, au ile ya USB-C. Ya pili, ambayo wengi ndiyo wanaiona nzuri kwa sababu inashikamana na iPad kwa sumaku, haifanyi kazi hapo. Apple Pencil Pro ya mwaka 2024 ni ya iPad Pro zenye chipu ya M4, iPad Air zenye chipu ya M2 na baadhi ya zilizofuata. Kabla ya kumlipa mtu anayeuza Apple Pencil ya mkononi, fungua mipangilio ya iPad yako usome kizazi chake. Usikisie kwa rangi wala ukubwa.

Kuna ndugu mwingine anayechanganya watu: kalamu zinazofanana na Apple Pencil lakini za kampuni nyingine, kama Crayon ya Logitech na nyingi za bei rahisi zisizo na jina. Nyingi zinataka iPad za kuanzia 2018. Zinatambua kiganja, na nyingi zinajua ukiilaza kalamu, ila kwa kawaida hazijui umekandamiza kiasi gani. Dukani zinakaa kwenye rafu moja na zile za kupiga kote, nyeupe kwa nyeupe. Zijaribu kwenye simu ya Android. Isipochora kabisa, ujue ni ya iPad.

Ubao unapokelewa na karibu kila kompyuta, na mbao nyingi za sasa zinakubali simu za Android kwa waya wa OTG, ule wa kuchomeka vifaa vya nje kwenye simu. Si kila simu, kwa hiyo angalia orodha ya mtengenezaji. Tena simu ikiwa imesimama wima, unatumia kipande tu cha ubao, kile kinacholingana na umbo la kioo.

Mstari wa polepole

Fanya jaribio hili palepale dukani. Fungua programu ya kuchora, weka kadi yako ya NIDA juu ya kioo kwa mshazari, kisha vuta mstari ukifuata ukingo wa kadi, polepole mno, kama unaandika jina la bibi harusi kwenye keki. Kisha vuta mwingine haraka.

Kwa kalamu ya betri, wa haraka utanyooka na wa polepole mara nyingi utapinda kama nyoka, mawimbi madogo yanayojirudia kwa nafasi zilizo sawa. Hapo hakuna mkono uliotetemeka. Ukingo wa kadi ulikuwa umenyooka. Ni kioo. Chini yake kuna wavu wa nyaya zisizoonekana, zimeachana milimita chache. Kidole ni kipana, kinafunika nyaya kadhaa kwa pamoja, hivyo kioo kinapata wastani mzuri. Ncha ya milimita moja na nusu ikiwa katikati ya nyaya mbili, kioo kinabahatisha, na kila inapovuka waya kubahatisha kunaegemea upande mwingine. Simu na simu zinatofautiana; kalamu yangu ileile inatetemeka kwenye simu yangu ya zamani, na kwenye ya mdogo wangu imetulia. Ndiyo maana nasema jaribu kwa kifaa chako mwenyewe, usiridhike na tableti ya maonyesho.

Ya mpira, ajabu, haina mawimbi hayo, maana ni pana kama kidole. Tatizo lake ni upofu: mpira unafunika palepale unapochora, na ukitaka kuunganisha mistari miwili unalenga kwa imani. Kisahani kinatibu hilo. Unaona kupitia plastiki, na nukta ya chuma iko katikati. Lakini kisahani lazima kilale bapa, na kinagonga kioo tak, tak, tak, mwenzako wa kitandani atakuchukia.

S Pen na Apple Pencil zinanyoosha mstari wa polepole vizuri, kwa sababu kioo kimejengwa kuisikiliza kalamu hiyo na kuitofautisha na kidole. Ubao nao ni hivyohivyo. Wino kuchelewa nyuma ya ncha kupo kwa zote kwa viwango tofauti. Mwaka 2019 Apple walitangaza wameushusha kutoka milisekunde 20 hadi 9 kwa kubadili programu tu, kwa hiyo kifaa na programu vina mchango sawa na kalamu.

Nyongeza mbili ndogo. Protekta nene ya kioo inazidhoofisha ya mpira na ya betri, wakati S Pen haijali sana. Na usichore kwa ya mpira wala ya betri huku simu imechomekwa kwenye chaja ya bei poa ya barabarani: umeme wake mchafu unakichanganya kioo, mstari unaruka pembeni bila sababu. Mimi nilishapeleka simu kwa fundi kwa ajili hiyo. Akachomoa chaja, akanirudishia.

Kukandamiza

Wengi wanaanzia hapa, na wengi hawana haja nako. Kukandamiza maana yake ukibonyeza mstari unanenepa au unakolea, ukilegeza unakonda. Swali ni kama mstari wako unanenepa na kukonda.

Kanga ina mji, pindo na jina. Rangi zake ni bapa, huchapwa moja moja, na mstari wa kuzunguka korosho una unene uleule kutoka shina hadi mkia. Michoro ya mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga kabla hajafariki mwaka 1972, inasimama kwa rangi nzito, mistari ya kuzungushia na nukta nyingi. Hina nayo inatoka kwenye koni kwa mstari usiobadilika sana. Kwa kazi za namna hiyo kalamu isiyojua kukandamiza haikupunguzii kitu. Hata hati ya Kiarabu, ambayo ungedhani inahitaji kalamu ya ajabu, unene wake unatokana na ncha bapa ya mwanzi iliyoshikwa kwa pembe. Ukichagua brashi bapa yenye pembe isiyobadilika, hata kidole kinaandika mkunjo mzuri.

Katuni ya wino ni habari nyingine. Shavu la mbunge mnene linataka mstari uanze kama unywele, ujae tumboni, ufe taratibu. Picha ya sura ya mtu, kivuli cha penseli, rangi ya maji, zote zinadai mkandamizo. Hapo ya mpira na ya betri zinajua mawili tu, nimegusa na sijagusa. Unaweza kudanganya kidogo: programu ya kuchora ya ibisPaint inaweza yenyewe kukondesha ncha mbili za mstari na kutuliza mtikiso, na programu kadhaa zinabadili unene kufuata mwendo wa mkono. Kwa katuni ya mtandaoni inatosha. Kwa kivuli cha shavu haitoshi.

S Pen za miaka ya karibuni zina ngazi 4,096 za mkandamizo. Apple hawatangazi idadi, ila ya kwanza, ya pili na Pro zote zinahisi mkono vizuri. Ile ya USB-C haina mkandamizo hata kidogo, ingawa ni ya Apple yenyewe. Inajua kulazwa tu. Nimeona mtu aliyeinunua kwa ajili ya Procreate, programu ya kuchora ya iPad, akidhani imeharibika. Haikuharibika, ndivyo ilivyo. Pro inajua pia unapoizungusha kati ya vidole, jambo ambalo mwandishi wa hati atalifurahia.

Mbao zinatangaza 8,192, na sasa 16,384. Usinunue tarakimu. Mkono wa mtu hautofautishi ngazi elfu nne na elfu nane. Unachohisi ni kama kalamu inaanza kuandika kwa mguso mwepesi au mpaka uibane.

Kiganja

Ukichora kwa ya mpira au ya betri, kiganja kikigusa kioo nacho ni kidole. Kitachora, kitakuza picha, kitafungua menyu. Ile mipangilio ya "kalamu tu, kidole kisichore" haisaidii, maana kalamu yenyewe imejitambulisha kama kidole.

Nilikata soksi ya shule ya mwanangu, ile ya kijivu nene, nikaacha vidole viwili nje na kulaza kiganja juu ya kitambaa. Inafanya kazi vizuri. Isipokuwa Februari, jasho likiilowanisha soksi, kiganja kinarudi kuchora. Glavu za wachoraji zinazouzwa ni nyembamba, na nyingine zimetengenezwa kupunguza msuguano tu, hazizuii kitu. Na ya kisahani inategemea umeme wa mkono wako kupitia mwili wake wa chuma, kwa hiyo ukivaa glavu nzima inakufa.

Kalamu ya kifaa inalimaliza hilo. Unalaza mkono kama kwenye daftari. Ubao haujui hata kiganja ni nini, kioo hukigusi. Ila macho yanatazama kwingine na mkono uko kwingine, na siku za mwanzo utajisikia kama unajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Inazoeleka.

Chaji, ncha na pesa

Ya mpira haina cha kuchaji na haina cha kuharibika zaidi ya mpira kuchanika. Kisahani kinakwaruzika, na chembe ya mchanga ikiingia chini yake inachora kioo chako kwa aina nyingine kabisa ya mchoro. Ni ya bei ya chini kuliko zote.

Ya betri inajizima ikikaa dakika kadhaa, na ni kawaida kuvuta mstari wa kwanza wa hasira usiotokea. Angalia tundu la chaji ni la aina gani kabla hujanunua. Angalia pia kama ncha za akiba zimo kwenye boksi, kwa sababu kalamu isiyo na jina ncha yake ikiisha huna pa kuipata. Ncha ya chuma ni imara lakini ichunguze isije ikakwaruza protekta.

S Pen haihitaji betri kuchora. Nguvu inaipata kutoka kwenye lile tabaka lililo chini ya kioo. Adui yake ni kava lenye sumaku, ambalo linaweza kuacha vipande vya kioo visivyoandika. Apple Pencil inachajiwa, na ikilala kabatini miezi bila chaji inaweza isiamke tena, hasa ya kwanza, kwa hiyo ya mkononi uijaribu ukiwa umesimama na muuzaji. Ukiweka protekta ya kukwaruza kama karatasi, mkono unafurahi na ncha inaisha haraka. Kwa bei ya Apple Marekani zilipotoka, USB-C ilikuwa dola 79, ya kwanza 99, ya pili na Pro 129. Huku kwetu ongeza usafiri na faida ya wa katikati. Zaidi ya kalamu, unalipia kifaa kinachoikubali, na hiyo ndiyo gharama yenyewe.

Ubao mdogo kwa bei mara nyingi unaangukia kati ya kalamu ya betri na Apple Pencil. Kalamu nyingi zinazokuja na ubao hazina betri. Unachotoa ni nafasi: meza, waya, na simu inayolisha ubao chaji yake.

Nani achukue nini

Una simu ya kawaida, hujui kama kuchora utakupenda: anza na ya mpira ya kisahani, au hata kidole, ukitumia kituliza mtikiso cha programu. Mtoto naye mpe ya mpira. Ikipotea hakuna msiba.

Unachora kanga, hina, nembo, Tingatinga, kwa simu au kishikwambi ulichonacho tayari: ya betri inakutosha, mradi imepita mtihani wa kadi kwenye kioo chako. Ikishindwa, rudi kwenye kisahani bila aibu. Mwalimu anayezungushia majibu na kuandika juu ya slaidi naye yuko hapa.

Unachora katuni za wino, sura za watu au rangi za maji, na unalipwa au unataka kulipwa: kusanya hela ya kifaa chenye kalamu yake. Kama hujanunua kifaa, Tab S6 Lite inakuja na kalamu ndani na hesabu inaisha hapo. iPad iliyotumika pamoja na Apple Pencil ya kwanza nayo ni njia nzuri kama utahakiki kizazi, na itakufungulia Procreate, ambayo Android haipo.

Una iPad ya 2018 au baadaye, unaandika noti na kuchora michoro isiyo na vivuli: kalamu ya kampuni nyingine au ile ya USB-C, kulingana na iPad yako, zitakupa kiganja cha kupumzisha kwa bei ya chini.

Una kompyuta mezani na unafanya kazi hapo kutwa: ubao unakupa mkandamizo kamili kwa hela kidogo kuliko tableti. Lakini kama unachora kwenye foleni, hospitali ukisubiri namba, au kitandani taa imezimwa, ubao utabaki nyumbani ukikusanya vumbi.

Mimi ninazo mbili. Kazi ya mteja naimalizia kwenye Tab S6 Lite. Ile fimbo nyeupe inakaa kwenye pochi, na mteja akibadilisha mawazo kuhusu pindo tukiwa tumesimama dukani, natoa simu, namwonyesha korosho tatu za haraka, achague.